Bibi Harusi Harudi Nyuma

Jumamosi, tarehe 1 Machi 2025. Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Kufikia saa tatu jua lilikuwa kali na barabara ya Litapunga inafuka mvuke kama sufuria ya viazi iliyofunuliwa.

Capitoline alikuwa amesimama juu ya benchi ndani ya kanisa la kigango, anafunga utepe mweupe kwenye nguzo, simu ilipomlilia kifuani.

"Mama, tumezama," ilisema sauti ya Emelyne.

"Mmezama kwenye nini?"

"Gari liko kwenye tope. Mimi niko kwenye gari. Na gauni liko kwenye mimi." Akacheka, halafu kicheko kikageuka kwikwi, halafu kikarudi kuwa kicheko.

Emelyne alikuwa binti yake wa ubatizo, miaka ishirini na minne, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya ndoa yake. Capitoline alimwinua kisimani mwa ubatizo akiwa na uzito wa kuku wawili. Alishuka benchi polepole, akamgeukia Padre Wiliam aliyekuwa anapanga vitabu altareni.

"Padre, bibi harusi amekwama kule bondeni, kilomita tisa kutoka hapa."

Padre alitazama saa yake. "Mama Capitoline, leo nina ndoa tatu, vigango vitatu. Saa saba kamili nawasha pikipiki yangu. Na Jumatano ni Majivu."

Hakuhitaji kuongeza neno. Wote pale walijua kwamba Majivu yakishapakwa, parokia yao haifungishi ndoa mpaka Pasaka ipite. Emelyne angeolewa kabla ya saa saba, au angesubiri mwisho wa Aprili. Na ng'ombe keshachinjwa. Ndizi zimeshamenywa, pombe imeshachujwa, wageni wamefika kutoka Inyonga na wengine Ikola, wamebeba dagaa gunia zima. Mtu unaweza kumwambia asubiri Pasaka. Ng'ombe aliyekwisha kukatwa vipande utamwambia nini?

Dieudonne, bwana harusi, aliinuka kwenye kiti chake cha mbele. Suti yake ya kijivu ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. "Mama, naenda na wewe."

"Kaa. Bwana harusi akichafuka hatuna pa kumfulia."

Akakaa.

Capitoline alitembea haraka mpaka kwake, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Hakubadili nguo, maana muda wa kubadili haukuwepo. Alivaa mabuti ya mpira chini ya gauni lake jipya la kitenge cha buluu, lenye mabega yaliyoinuka kama mabawa ya njiwa, akakaza kilemba, akapanda trekta ya kikundi chao cha wakulima na kuiwasha. Nyuma ya kiti alikuwa ameweka vitu vitatu: koleo, mkanda wa rangi ya chungwa uliokunjwa vizuri, na sufuria yenye tundu.

Wenye kumwona akipita walisimama. Mmoja akapiga kelele, "Mama, unaenda kulima au kuolewa?"

"Vyote viwili!" alijibu, akabadili gia.

Hiyo sufuria ina habari yake. Capitoline alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na kuku mmoja na jembe. Cheti chake cha uraia anakitunza kwenye kopo la biskuti, pamoja na leseni yenye daraja la kuendesha trekta, na akifungua kopo hilo huvitazama vyote viwili kwa muda sawa. Kabla ya trekta alikuwa mpishi. Miaka tisa alipika kwenye kambi moja ya wawindaji porini upande wa Mlele, na huko ndiko alikojuana na Sylvanus, dereva mkuu wa kambi, mtu mwembamba asiyeongea na mtu kabla ya chai.

Siku moja gari la nyama lilizama kwenye mchanga wa mto, hatua chache kutoka jikoni. Wakafunga mnyororo wenye ndoano, wakavuta kwa papara. Mnyororo ukakatika. Ndoano ilipita usoni mwa Sylvanus ikamchukua jicho la kushoto, haikutosheka, ikaendelea mpaka jikoni ikatoboa sufuria ya maharage aliyokuwa anaikoroga Capitoline. Alibaki ameshika mwiko, mchuzi unamiminika juu ya viatu vyake.

Sylvanus alirudi kutoka hospitali na jicho moja na utaratibu mpya. Alitupa mnyororo shimoni. Akaomba kambi inunue mkanda wa kuvutia magari, wa nailoni, upana wa kiganja, wenye vitanzi vilivyoshonwa ncha zote mbili. Akawafundisha wote kambini namna ya kuutumia, lakini aliyesikiliza kwa makini alikuwa mpishi peke yake, kwa sababu wengine walisimuliwa tu habari ya tundu. Yeye alikuwa ameliosha. Kambi ilipofungwa, Sylvanus alimwachia mkanda. Sufuria aliichukua mwenyewe.

Trekta ilifika bondeni saa nne kasoro kidogo.

Mahali penyewe barabara inakatiza mbuga. Kulia maji, kushoto maji, katikati tuta jembamba, na katikati ya tuta, kwenye shimo, ilikuwa Noah nyeupe iliyofungwa maua na riboni, imezama mpaka kwenye milango kama kiboko anayepumzika. Mbele yake tope la mapaja kwa hatua nane, ndipo ardhi ngumu aliposimama Capitoline na trekta. Nyuma yake, juu ya mwinuko, lilikuwepo Fuso lililoleta ndugu na wapiga ngoma. Fuso hilo lilikuwa limejaribu kusogea lisaidie, likaanza kuteleza kando kama ng'ombe kwenye sakafu ya saruji, likarudishwa haraka.

Na kuizunguka Noah walikuwa watu. Waliizunguka kama nzi kwenye embe, wanaimba, wanacheka, wamepakaa tope mpaka masikioni. Ngoma nne zilikuwa zinapigwa palepale kando ya mlango wa gari.

Sadalla, dereva wa Noah, kijana wa sokoni Mpanda mwenye kofia safi ya kufumwa, alivuka tope kumlaki huku ameshika viatu vyake mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile ni bampa inayoning'inia, au macho yangu?"

Sadalla alitazama chini. "Tulijaribu kidogo."

Kidogo chenyewe kilikuwa hivi: walifunga kamba ya katani ya kisimani kwenye bampa, wanaume ishirini wakaishika, wakapanga wimbo, wakavuta. Kamba ikakatika kwenye kiitikio. Ishirini wote walikwenda chini kwa mstari, mmoja juu ya mapaja ya mwenzake, kama vikombe vilivyopangwa kabatini, na suruali ya msimamizi wa bwana harusi, aliyetumwa kumfuata bibi harusi, ikachanika kutoka mbele hadi nyuma. Sasa alikuwa amejifunga khanga ya dada yake yenye maneno *Hasidi hana sababu*, na kila aliyemtazama alianza kucheka upya.

Capitoline hakucheka. Alivuta sufuria kutoka nyuma ya kiti, akaiinua juu, akamtazama Sadalla kupitia tundu.

"Unaona jicho langu?"

"Nakuona mama."

"Hapa palipita ndoano. Kabla ya kupita hapa ilipita kwenye jicho la mtu. Kamba yenu ilikuwa imechakaa, Mungu amewapenda. Ingekuwa nzima, bampa ndiyo ingeng'oka ikawafuata. Bampa ni urembo, mwanangu. Hata hereni ni urembo, huwezi kumvuta mtu kwa hereni."

Walichimba. Yeye na Sadalla kwa zamu ya koleo moja, gauni la buluu limekunjwa na kufungwa kiunoni, walitoa tope mbele ya magurudumu yote manne, maana gari lililokumbatiwa na tope halivutwi, linang'olewa, na kinachong'olewa hakijulikani kitaondoka na nini. Wakakata matawi wakayasokomeza chini ya matairi. Wakapunguza upepo wa matairi kidogo. Kisha Capitoline alilala kifudifudi kwenye tope, mabega ya njiwa na vyote, akapapasa chini ya Noah mpaka akalipata sikio la chuma lililoungwa kwenye fremu yenyewe.

"Hili hapa. Hili ndilo lililotengenezwa kwa kazi hii."

Hapo aliukunjua mkanda. Aliupitisha wote katikati ya vidole, hatua kumi, anatafuta mkato, halafu akatingisha kichwa kuonyesha ameridhika. Tope lilikuwa limeshaganda viganjani mwake, lakini kutingisha kichwa alitingisha. Kitanzi kimoja akakifunga kwenye sikio la Noah kwa pingu ya chuma yenye pini ya kukaza. Hakuna ndoano, hakuna fundo. Kitanzi cha pili akakipeleka kwenye trekta, kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini kabisa, kwa sababu ukifunga juu trekta inasimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayetaka majani.

"Mkanda huu unatanuka," alimwambia Sadalla. "Ukivutwa unaongezeka kidogo, halafu unajikusanya, na gari linakuja taratibu. Uzuri wake ndio huo. Na ubaya wake ndio huo huo. Ukikatika, unarudi, na ukirudi hausalimii mtu."

"Sasa, mama, hawa watu?"

Ndiyo. Hawa watu.

Capitoline alisimama juu ya tuta akapaza sauti. "Ndugu zangu! Naomba wote mrudi juu kule kwenye Fuso. Hatua hamsini. Asibaki mtu."

Walimshangilia. Wanawake wakapiga vigelegele. Wapiga ngoma wakaongeza kasi. Hakuna aliyesogea hata inchi.

"Mama, tunakusaidia kuvuta!" alisema yule wa khanga, akaushika mkanda kwa mikono miwili.

"Uachie huo mkanda!"

"Umoja ni nguvu!"

"Umoja ukae kule juu!"

Alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akawaonyesha sufuria. Walioko mbele walipoiona wakarudi hatua tatu, walioko nyuma wakasogea hatua nne waione vizuri. Saa ya Sadalla ilisema saa tano kasoro robo.

Ndipo Capitoline alipomtazama Polycarpe. Polycarpe ndiye mkubwa wa wapiga ngoma, mzee mfupi mwenye mikono minene, na tangu trekta ifike alikuwa hajainua uso kutoka kwenye ngozi ya ngoma yake. Capitoline alitazama watu, akatazama ngoma. Popote ngoma ilipokuwa imeegemea, pale ndipo walipokuwa wamesongamana zaidi.

Alivuka tope mpaka kwake, akamsemea sikioni. "Mzee Polycarpe, watu hawa hawanisikii. Wanakusikia wewe. Ukipeleka ngoma kule juu, watakwenda."

Polycarpe hakuacha kupiga. "Ngoma ya bibi harusi haimwachi bibi harusi. Alipo yeye, nipo mimi."

"Basi yeye naye atoke. Hata hivyo simvuti akiwa ndani. Ndani abaki dereva peke yake."

Dirisha la Noah lilishuka, na humo kikatokea kilemba kikubwa cha dhahabu, na chini ya kilemba alikuwa Joséline, shangazi yake Emelyne, dada wa baba, mwanamke ambaye bila yeye mkutano haufunguliwi.

"Atoke aende wapi, Capito?"

"Kule juu, kwenye Fuso."

"Nyuma?" Joséline aliweka mkono kifuani. "Nyuma! Kwetu bibi harusi akishatoka kwa baba yake harudi nyuma, hata hatua moja. Akirudi leo, kesho atarudi na watoto watatu na godoro. Mbele, sawa. Nyuma, hapana."

"Mbele ni tope la mapaja, dada. Mkimdondosha pale mtamfungisha ndoa na kambale."

"Basi akae ndani na mimi nikae naye."

Ndani ya gari, nyuma ya shela, Emelyne alikuwa amejishika mdomo. Mabega yake yalitetemeka. Haikujulikana analia au anacheka. Aliposhusha mkono ikaonekana ni vyote.

"Mama," alimwambia Capitoline kwa sauti ndogo, "saa ngapi sasa?"

"Saa tano kasoro kumi."

"Nataka kuolewa leo," alisema Emelyne. "Hata kama ni kwa kupaa."

Polycarpe aliacha kupiga.

Kimya kile kiliwashtua watu kuliko kelele zote. Mzee alifuta jasho, akasema, "Rudia, mwanangu."

"Nimesema hata kwa kupaa."

"Mama yangu," alisema Polycarpe taratibu, "hakuenda kwa mume wake kwa gari. Alibebwa kwenye ingobyi, machela ya wakubwa, mabegani mwa wanaume. Miguu haikugusa ardhi. Na anayebebwa anatazama anakotazamishwa." Akamgeukia Joséline. "Binti yako akitazama kanisa, amerudi nyuma?"

Joséline aligeuza shingo kutazama upande wa kanisa.

"Wabebaji ndio watakaotembea kinyumenyume," alisema Polycarpe. "Yeye uso wake uko mbele muda wote. Hajarudi nyuma. Ni ardhi tu imempita."

"Yampaye inka!" alisema bibi mmoja kwa Kirundi, yaani naapa kwa aliyenipa ng'ombe, akapiga makofi, na tayari wanaume walikuwa wanakimbilia Fuso kuchukua turubai na miti miwili mirefu ya kujengea banda.

Kama hujawahi kuona wanaume wanane wakimbeba bibi harusi kinyumenyume kupanda mwinuko wenye utelezi, basi umekosa. Wa nyuma hawaoni wanakokwenda, wa mbele wanaona lakini hawaelewani. "Kushoto!" "Kushoto ya nani?" "Ya kwako!" "Mimi nimegeuka!" Emelyne alikuwa amekaa juu ya turubai amejishika kwenye miti, shela inapepea, uso umeelekea Litapunga kama alivyoagizwa, anacheka mpaka machozi yanamwaga wanja. Ngoma zikawafuata. Na zile ngoma zilipopanda, watu wote wakapanda nyuma yake wakicheza, na kwa kuwa bibi harusi alikuwa anakwenda kinyumenyume, wakaona na wao ndiyo adabu, wakaenda kinyumenyume vilevile, kundi zima, wanagongana visigino na kuimba. Yule wa khanga alianguka mara mbili. Mara ya pili alibaki chini kidogo, anapumzika.

"Tumpeleke hivihivi mpaka kanisani!" alipiga kelele mbebaji mmoja.

"Kilomita tisa?" alijibu mwenzake, anahema kama mashine ya kukoboa. "Mimi kwa hizi hatua hamsini tu nimeshamwona marehemu babu yangu."

Bonde likabaki tupu. Tope, Noah, mkanda wa rangi ya chungwa, trekta.

Sadalla aliingia kwenye usukani, akapandisha vioo. Walikubaliana: honi moja, vuta, honi mbili, simama. Capitoline alipanda kwenye kiti chake, akawasha, akaingiza gia ya chini kabisa. Mguu ulikuwa umeanza kulegeza klachi alipokumbuka jambo ambalo Sylvanus hakuwahi kuliacha hata siku moja. Kabla hujavuta, alikuwa akisema, hesabu vichwa.

Alipofika bondeni alikuwa amewahesabu, akaandika kwa kalamu mkononi, juu kidogo ya kiwiko ambapo tope halikufika: 41, mbali na Sadalla. Sasa aligeuka, akaweka mkono juu ya macho, akahesabu kule juu. Akahesabu na aliyelala chini. Akamhesabu bibi harusi. Arobaini. Akarudia, mara hii kwa kunyoosha kidole. Arobaini.

Alizima trekta. Aliteremka, akavuka tope mpaka kwenye Noah, akafungua mlango wa nyuma.

Kwenye kiti cha mwisho, kimya, kilemba cha dhahabu kimeinamishwa chini ya dirisha, alikuwa amekaa Joséline. Mapajani alikuwa amekumbatia blanketi jipya kwenye mfuko wake wa nailoni, blanketi zito lenye picha ya simba wawili.

"Dada."

"Zawadi siwezi kuiacha na kijana nisiyemjua."

"Mimi niko hapa nasikia," alisema Sadalla kutoka mbele. "Na mwezi ukiandama leo, kesho nafunga. Ninachokitaka mimi ni pilau ya mchana huu, si simba wako, shangazi."

"Dada," alisema Capitoline, "mkanda ukikatika, unapiga humu ndani. Utapita kioo kile, utafika kwenye kiti hiki."

Joséline alimtazama, akaona kwamba mwenzake hatanii. Aliteremka. Aliposhuka tu, Capitoline akanyoosha mikono kuliomba blanketi, akalipima uzito kwa macho.

"Hilo pia nalihitaji."

"Simba wangu?"

"Kitu kizito kikilala katikati ya mkanda, mkanda ukikatika unashushwa chini badala ya kuruka. Koti la mtu lingefaa, lakini hakuna mwenye koti. Nitalifua mwenyewe kesho asubuhi. Naahidi mbele ya simba wote wawili."

Joséline alilitoa blanketi kwenye mfuko wake kwa namna mtu anavyomtoa mtoto akachanjwe. Akapanda mwinuko kinyumenyume, peke yake, uso umeelekea kanisani, hakuna aliyemlazimisha.

Capitoline alihesabu tena. Arobaini na moja.

Honi ikalia mara moja.

Trekta ilisogea polepole, kama mtu anayevuta shuka bila kumwamsha aliyelala. Mkanda uliinuka kutoka kwenye tope, ukanyooka, simba wawili wakapanda hewani wakining'inia huku na huku. Ukatanuka. Noah haikutikisika. Capitoline hakuongeza moto. Alisubiri, mguu umetulia, mkanda unadondosha matone. Sadalla akakanyaga mafuta kidogo. Matawi yakalia chini ya matairi. Halafu tope likatoa mlio mmoja mrefu, wa aibu kubwa, mlio ambao mtoto akiutoa mezani huambiwa atoke nje, na Noah ikachomoka. Ilikuja inayumba, maua yote upande mmoja, ikapanda ardhi ngumu. Honi mbili. Trekta ikasimama.

Kule juu hawakusubiri kuitwa. Walishuka wote kwa pamoja, safari hii kwa uso mbele, ngoma, khanga, kilemba cha dhahabu na bibi harusi anayerukaruka mabegani mwa watu. Shimo likajazwa matawi mpaka juu, wabebaji wakalivuka wakiwa na Emelyne, na Fuso likapita tupu, linanguruma.

Barabara iliyobaki Noah ilifuata nyuma ya trekta, likitokea tope lingine iwe karibu. Hivyo ndivyo harusi ilivyoingia Litapunga: mbele trekta, na juu yake mwanamke mwenye rangi ya udongo ambaye zamani za asubuhi alikuwa wa buluu, nyuma Noah isiyo na bampa ya maana, nyuma kabisa Fuso linalopiga ngoma. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini na mbili. Padre Wiliam alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki. Aliivua.

Dieudonne alimtazama mke wake mtarajiwa, wanja mpaka kidevuni, jani moja la mti limenasa kwenye shela. "Umependeza," alisema, akalinasua lile jani. Ndoa ilifungwa kwa dakika kumi na nane. Sadalla alikula pilau sahani tatu.

Kesho yake asubuhi, Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza, Capitoline alijaza mabeseni mawili nyuma ya nyumba yake. Kwenye moja, lenye sabuni, aliwafua simba. Kwenye lingine, maji matupu, alifua mkanda, maana sabuni kali inaharibu nyuzi. Aliusafisha shibiri kwa shibiri, na tope lilipoyeyuka, vidole vyake vikafika kwenye kitanzi cha upande wa Noah, vikasimama.

Mishono ilikuwa mistari mitano. Mitatu ilikuwa imefumuka kabisa.

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ndipo Joséline alipotokea pembeni mwa nyumba, amebeba paja la ng'ombe kwenye majani ya mgomba. "Nimefuata simba wangu. Na hii ni sehemu yako, Emelyne amesema usipopewa paja yeye hali. Mbona umekaa hivyo?"

Capitoline alimwonyesha kitanzi.

"Si unashona tu? Fundi viatu pale njia panda."

"Haushonwi."

"Basi nipe nifungie mbuzi."

"Leo utafungia mbuzi, keshokutwa shemeji yako atauona, atafungia gari."

Joséline alichukua kitanzi, akapitisha kidole kwenye nyuzi zilizofumuka, polepole, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Na mimi nilikuwa nimekaa humo garini," alisema. "Panga lako liko wapi?"

Waliutandika juu ya gogo. Capitoline alipima kila kipande kisizidi urefu wa mkono, asije mtu akapata wazo, na Joséline, kilemba cha jana bado kichwani, akakata. Vilitoka vipande kumi na vinne. Walianika blanketi juani, wawili wakishika ncha mbili mbili, simba wakining'inia kichwa chini.

Kengele ikalia. Capitoline alisugua mikono kwa jivu, akanawa, ila ile 41 ya kalamu haikutoka. Akaenda nayo Misa.